Barazani kwa Mwalimu: Nani Analipwa Hapa?

Mwezi huu barua karibu zote zinahusu simu. Nimezisoma moja moja, na wazazi wengi wanauliza jambo lile lile: mitandao imewafanya nini watoto wetu? Nilifundisha Kiswahili na historia katika shule za sekondari za Eastlands, Nairobi, hadi nilipostaafu, na wanafunzi wangu wa zamani bado hunipitia nyumbani Jericho, wengine wakiwa wameshika watoto wao mkono. Siamini kwamba kizazi hiki kimeharibika. Naamini kimeachwa peke yake mbele ya watu wenye pesa na ujuzi kuwashinda wazazi wake, na hakuna aliyekizoeza kuuliza swali moja kabla ya kubonyeza: hapa nani analipwa? Nitalirudia swali hilo hadi mwisho wa ukurasa huu, kwa sababu sioni lingine linalowafaa vijana wetu zaidi.

Majina ya waandishi nimeyaondoa. Wameniandikia mambo ya ndani ya nyumba zao.

Karo imekwenda na ndege

*Mwalimu, salamu. Mimi ni mama mboga hapa Kayole. Mwanangu wa kwanza ana miaka 22, anasomea umeme katika chuo cha ufundi. Januari nilimtumia karo Sh18,000 kwa M-Pesa. Machi chuo kikanipigia, hajalipa hata senti. Nilipombana alilia, akasema ameimaliza kwenye ule mchezo wa ndege wa simu. Sasa ana Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, ana mikopo mingine ya simu, na juzi pesa za chama nilizoweka kwenye kopo zimepungua. Huyu ni mtoto aliyekuwa akiamka saa kumi alfajiri kunisindikiza sokoni Marikiti. Kizazi hiki kimeingiwa na nini? Baba yake anataka afukuzwe. Na mimi nimlipie deni, au nimwache aone cha mtema kuni?*

Mama, pole. Pole kwa karo, na pole zaidi kwa hilo kopo, maana pesa za chama ni za wenzako.

Nianze na la kufukuzwa, ndilo la haraka. Asifukuzwe. Kijana mwenye deni asiye na pa kulala hukopa zaidi, na mikopo ya simu haimuulizi mtu analala wapi. Mwambie mzee wako hivyo, na umwambie ni mimi niliyesema.

Pili, nataka ujue mwanao anapambana na kitu gani, kwa sababu nahisi unakifikiria kama karata tulizowaona watu wakicheza nyuma ya maduka zamani. Nilimwomba mmoja wa wanafunzi wangu, fundi wa simu pale Makadara, anionyeshe. Kioo ni cheusi. Kindege chekundu kinatoka pembeni chini, kinapanda, na mstari unapinda nyuma yake. Katikati nambari inakua: 1.00, 1.20, 1.85, 2.40. Ukiwa umeweka shilingi 50 na ubonyeze inapofika 2.40, unapata 120. Kindege kikitoweka kabla hujabonyeza, pesa zako zimekwenda. Kando kuna orodha ya wachezaji wengine inayosonga bila kukoma. Waliotoa pesa kwa wakati majina yao yanang'aa kijani. Waliopoteza hawang'ai, na jicho linawaruka. Mzunguko mzima huisha kabla hujamaliza kumenya kitunguu kimoja, na mwingine unaanza hapo hapo. Nilisimama pale dukani nikatazama mizunguko mingi, na niliona jinsi fundi mwenyewe, mtu mzima ambaye hachezi, alivyokuwa akiinama karibu na kioo kila nambari ilipovuka tatu.

Sasa twende kwenye hesabu. Watengenezaji wa mchezo wa aina hiyo unaojulikana zaidi hutangaza wenyewe kwamba, kwa wastani wa muda mrefu, asilimia 97 ya pesa zinazowekwa huwarudia wachezaji. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni ukarimu. Lakini tuseme mwanao anaweka shilingi 50 kila mzunguko, mizunguko 100 kwa saa. Zilizopita mkononi mwake ni 5,000, na asilimia 3 ya hizo ni 150. Akikesha saa sita, ni 900. Huo ni wastani tu wa mtu aliyetulia. Aliyeshikwa na hasira na kupandisha dau ili arudishe zilizopotea huzama haraka kuliko hapo. Wewe unajua ni mafungu mangapi ya sukuma unayouza kabla hujapata faida ya 900. Kwa hiyo uliza: nani analipwa hapa? Si mwanao, hata siku anayoshinda, kwa sababu ushindi ule anauingiza tena usiku huo huo. Mwenye mchezo hana haja kijana apoteze kila mara. Haja yake ni kijana asiondoke.

Uliuliza kizazi kimeingiwa na nini. Tazama mwanao amekulia wapi. M-Pesa ilianza Machi 2007, naye akiwa mtoto mdogo, na sisi sote tuliipokea kwa sababu ilituwezesha kutuma pesa nyumbani bila kumtafuta kondakta wa basi. Alipokuwa shule ya msingi, kampuni za kamari zikaingia kwenye njia hiyo hiyo, pesa zikawa zinatoka mfukoni hadi kwenye dau bila mtu kuinuka kitini. Sheria iliyokuwa ikisimamia biashara hiyo ni ya 1966, ya enzi ambayo mtu alihitaji kuvaa viatu akaenda mahali ili acheze. Sheria mpya ilitiwa saini Agosti 2025. Katikati ya miaka hiyo, jezi za mpira, redio za asubuhi, mabango ya barabarani, vyote vilibeba matangazo ya kamari, hadi Aprili 2025 serikali ikayasimamisha yote kwa siku 30. Mtoto aliyepanda matatu ya kwenda shule miaka yote hiyo amesikia kila asubuhi, kwa sauti tamu, kwamba kuna mtu kama yeye aliyetajirika jana usiku. Wewe ulimfundisha kazi saa kumi alfajiri pale Marikiti. Wao walimfundisha la pili saa moja asubuhi, nao walikuwa wanalipwa kulifundisha.

Sasa cha kufanya. Karo isipite tena mkononi mwake. Ilipe moja kwa moja kwa nambari ya malipo ya chuo, na ujumbe wa M-Pesa uuweke. Nenda na mzee wako mkamwone mkuu wa idara, mwombe mlipe kidogo kidogo. Vyuo vimezoea maombi hayo na huenda mkasikilizwa, lakini nendeni mapema kabla jina halijafutwa kwenye orodha ya mtihani.

Deni usilipe kwa siri na usilipe lote. Kaeni mezani, aandike kwa mkono wake kila anayemdai, kiasi na tarehe. Jua kwamba Fuliza hujikata yenyewe kwenye pesa yoyote inayoingia kwenye laini, kwa hiyo hata nauli ukimtumia huko inaweza kumezwa. Ya kwanza kulipwa ni ya chama, na ailipe kwa jasho: arudi nawe Marikiti abebe magunia, kila jioni aweke kitu kwenye kopo mbele yako. Aombe kampuni ifunge akaunti yake, kisha aifute programu.

Halafu mpe kalamu. Anasomea umeme, hesabu ya asilimia haimshindi. Taarifa ya M-Pesa ya miezi sita inapatikana kwenye simu yake mwenyewe. Ajumlishe zilizotoka kwenda kwenye kamari, ajumlishe zilizorudi, atoe. Usimkaripie akiwa anahesabu. Kaa tu karibu naye.

Na akikwambia hawezi kulala au amechoka kuishi, msingoje. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya hupokewa bila malipo na watu waliosomea kusikiliza. Aibu ya kamari ni nzito kuliko wazazi wengi wanavyodhani, na kijana huibeba akiwa anacheka na wenzake barazani.

Niwache job?

*Mwalimu niaje. Niko na miaka 20, nauza nguo duka moja Eastleigh. Niko na wafuasi 600 TikTok na video yangu moja ilitazamwa mara 40,000. Mabeshte wananishow niwache job nikomae na kontenti. Unasemaje?*

Usiache, mwanangu. Sio sasa.

Mara 40,000 ni nyingi, hongera. Lakini kati ya watazamaji hao na wewe, nani alilipwa? Kampuni iliuza matangazo katikati ya video, na wewe ulipata sifa. Ukitaka mgao wa matangazo kule YouTube, kwa mfano, wanataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Ukishafika huko, sheria ya fedha ya 2023 iliweka kodi ya asilimia 5 inayokatwa kwenye mapato ya maudhui ya kidijitali. Ni kazi halali, wapo wanaoishi kwayo, lakini ni biashara yenye masharti, na mabeshte zako hawajakusomea hayo masharti.

Endelea na duka mchana, rekodi jioni. Na kama una ruhusa ya mwenye duka, onyesha unachokijua: namna ya kutambua kitambaa kizuri kwa kukishika, namna bei inavyopatanwa Eastleigh. Mtu anayejua kitu hutazamwa muda mrefu kuliko anayecheza tu.

Weusi wangu

*Shikamoo Mwalimu. Niko fomu tatu, shule ya kutwa huku Umoja, nina miaka 16. Nikitumia filta kwenye TikTok ngozi inakuwa nyepesi na pua inakuwa nyembamba na watu wanasema niko fiti. Siku moja niliweka picha bila filta wakaandika eti nimezima stima. Nilijaza umri wa uongo nikawa naenda laivu na marafiki zangu, na kuna mwanaume anatutumia zawadi. Sasa ananiandikia WhatsApp anataka picha, anasema ni yeye tu ataziona. Sijatuma. Baba alipata simu akaivunja, sasa hatuongei. Nataka kununua ile krimu ya kujichubua ya River Road. Naomba usiseme mimi ni mjinga.*

Marahaba, binti yangu. Wewe si mjinga. Umeandika kabla ya kutuma picha, na hilo ndilo jambo kubwa katika barua yako yote.

Huyo mwanaume kwanza. Usimtumie kitu, hata picha ya kawaida, hata sauti. Usimtukane wala usimtishe. Ukipata simu nyingine, usifute alichokuandikia. Mweleze mama, shangazi, au mwalimu wa ushauri wa shule, leo. Kama hakuna mtu mzima unayemwamini, piga 116, ni nambari ya kusaidia watoto nchi nzima na hulipi chochote. Mtu mzima anayemwomba mtoto wa miaka 16 picha za siri anatenda kosa kwa sheria za Kenya, na DCI, idara ya upelelezi wa jinai, wana kitengo cha kulinda watoto kinachofuatilia watu kama hao. Umri wa uongo usikufanye uogope kusema. Anayetafutwa si wewe. Atakwambia mambo mawili, wote husema hayo: kwamba ukisema utaadhibiwa, na kwamba zawadi alizokupa ni deni. Yote mawili ni uongo.

TikTok hairuhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kwenda laivu. Wameweka hivyo kwa sababu ya watu kama huyo. Zawadi aliyokuwa akituma aliinunua kwa pesa, na kampuni ilikata fungu lake kabla chochote hakijawafikia ninyi. Sasa unajua nani alilipwa usiku ule mlipokuwa mnacheka.

Tuje kwa uso wako. Ile filta haikutengenezwa na mtu aliyewahi kukuona. Imepewa kipimo kimoja cha uzuri, inamvuta kila mtu kuelekea hapo, na wewe ukirudi kwenye kioo cha bafuni unajiona umepungukiwa. Mwaka 2021 Frances Haugen, aliyekuwa akifanya kazi Facebook, wenye Instagram, alitoa nyaraka za ndani za kampuni ile. Humo watafiti wao wenyewe walikuwa wameandika kwamba katika wasichana waliojisikia vibaya kuhusu miili yao, asilimia 32 walisema Instagram iliwazidishia. Kampuni ilijua. Wasichana hao walikuwa ng'ambo, si Umoja, na bado ungeweza kuwa umekaa nao dawati moja.

Krimu usinunue. Nyingi za kuchubua zinazouzwa bila lebo ya kueleweka hutiwa zebaki, na zebaki hupenya kwenye ngozi hadi kwenye figo. Nimefundisha wasichana waliozitumia. Walianza na shavu, wakaishia kuvaa sweta la mikono mirefu saa nane mchana Januari kwa sababu vifundo vya vidole na viwiko havikukubali kubadilika rangi pamoja na sehemu nyingine. Nakumbuka mmoja aliyekuwa akikunja ngumi chini ya dawati ili jirani yake asione vidole. Alikuwa bora darasani katika ushairi na aliacha kuinua mkono.

Uso wako ni mali, binti yangu, na duniani kuna wanaoujua kwamba ni mali kabla wewe hujajua. Mwaka 2023 watu, wengi wao vijana, walipanga foleni ndefu katika ukumbi wa KICC, Nairobi, kupigwa picha za mboni za macho na Worldcoin, mradi wa sarafu za mtandaoni, wapewe sarafu za kidijitali za thamani ya kama shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha zoezi lile Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data zile zifutwe. Kwa mtoto, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla taarifa zake hazijachukuliwa na kutumiwa. Picha yako ni taarifa yako.

Kuhusu baba. Kuvunja simu hakukusaidia mtu, na nitamwambia hapa kwa sababu pengine atasoma: mzee, binti yako ananyemelewa na mtu mzima, na simu iliyovunjika ndiyo iliyokuwa na ushahidi. Mazungumzo mengine ya WhatsApp hurudi ukiweka laini ile ile na akaunti ile ile ya kuhifadhia kwenye simu nyingine, kama yalikuwa yamehifadhiwa. Jaribuni kabla ya kwenda polisi, na nendeni pamoja. Usiende ukimtanguliza binti kama mshtakiwa.

Anakaa ndani na simu

*Mwalimu, naishi Pipeline, ghorofa ya sita. Nafanya kazi kiwandani zamu ya mchana na mtoto wangu wa miaka tisa akitoka shule anakaa ndani na simu mpaka nirudi. Nje hakuna uwanja, ni ploti kwa ploti. Juzi nimemsikia akisema maneno ambayo hata mimi siyajui. Si serikali inachuja hivi vitu?*

Mama, sitakwambia umnyang'anye simu halafu nikuache na mtoto anayetazama ukuta. Naijua Pipeline. Jua halifiki kwenye korido, na uwanja ulioko ni paa la kuanikia nguo.

Runinga ina mipaka: kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku, vituo vinatakiwa kuonyesha vipindi vinavyofaa kutazamwa na familia nzima. Simu haina saa nne usiku. TikTok yenyewe inataka mtumiaji awe na miaka 13 au zaidi, kwa hiyo mtoto wako hana haki ya kuwa humo hata kwa kanuni za wenyewe. Video moja ikiisha nyingine inaanza bila yeye kuomba, kwa sababu kila dakika anayobaki mtu anauza tangazo.

Uchujaji upo, lakini wengi hawajui ulivyofanyika. Kwa miaka kadhaa baadhi ya uchafu wa Facebook ulichujwa hapa hapa Nairobi, na vijana waliokaa mbele ya kompyuta wakitazama mauaji na ukatili kutwa nzima ili wengine tusiuone. Mwaka 2022 mmoja wao, Daniel Motaung kutoka Afrika Kusini, aliwashtaki Meta, wenye Facebook, na Sama, kampuni iliyomwajiri, katika mahakama za Kenya kwa jinsi kazi ile ilivyomuumiza. Watu wazima waliajiriwa kuvitazama na wakaugua. Usitegemee kwamba hakuna kitakachompita mchujaji kikamfikia mtoto wa miaka tisa.

Fanya hivi. Pakua vipindi vichache ukiwa kazini penye Wi-Fi, au usiku bando ikiwa rahisi, kisha uzime data kabla hujatoka. Avitazame hivyo hivyo, hata mara kumi. Ongea na mama wawili watatu wa korido yenu mpokezane: zamu ya leo watoto kwako, kesho kwake, mlango ukiwa wazi. Mpe kazi ya kukungoja nayo, kama kuchambua maharagwe au kuandika sentensi tano kuhusu alichotazama. Ukirudi msomee kwa sauti, hata ukiwa umechoka. Na hayo maneno muulize ameyasikia wapi kabla hujampiga. Ukimpiga hutajua.

Gen Z hawana adabu

*Mwalimu, nakusalimu. Mimi ni mstaafu wa reli, naishi Buruburu. Binti yangu ana miaka 21, yuko chuo kikuu. Tangu Juni 2024 hashikiki. Mchana kutwa yuko X na TikTok anawashambulia viongozi, na nilipomkemea aliniambia mbele ya wageni, "Nyinyi ndio mlinyamaza." Sisi hatukulelewa hivyo. Nimnyang'anye simu? Na mwezi wa sita ukifika nimkataze kutoka?*

Mzee wangu, kukujibu mbele ya wageni ni kosa, na nitamwambia hivyo nikimwona. Lakini kuhusu hayo mengine sikubaliani nawe.

Wewe na mimi tulikuwa watu wazima tarehe 7 Julai 1990. Kenneth Matiba na Charles Rubia walikuwa wameshakamatwa siku chache kabla, mkutano wa Kamukunji umepigwa marufuku, na vijana wa Eastlands wakaenda hivyo hivyo. Serikali iliwaita wahuni. Ukiwauliza leo wazee wanaokaa nawe kituo cha basi, kila mmoja atasema alikuwepo.

Sasa waangalie hawa. Muswada wa Fedha wa 2024 ulikuja na ushuru wa asilimia 16 kwenye mkate na kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Watoto tuliosema hawasomi wakausoma. Waliuvunja kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za mama, wakauweka kwenye video fupi, na wengine wakatengeneza programu ya kuiuliza maswali kuhusu muswada ikakujibu. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia Bungeni, na siku ya pili Rais akatangaza hatautia saini. Makumi ya watu waliuawa katika maandamano ya miezi ile. Wenzao wakachangisha kwa simu pesa za hospitali na za mazishi, kwa watu wasiowajua. Nilifundisha uraia miaka mingi na sijawahi kuona darasa likiufanya hivyo. Swali lililowatoa nje ni lile ninalolihubiri ukurasa huu mzima: hapa nani analipwa, na kwa jasho la nani?

Sasa mwombe binti yako alielekeze swali hilo hilo kwenye simu yake. Mwaka 2021 watafiti wa Mozilla Foundation walionyesha jinsi akaunti za Wakenya zilivyolipwa kushambulia majaji na wanaharakati waliopinga BBI, ule mpango wa kubadilisha Katiba, malipo ya kama dola 10 hadi 15. Matusi mengine anayoyasambaza kwa uchungu wa kweli yameandikwa na mtu aliyepokea pesa asubuhi ile kwenye M-Pesa. Akiona jambo linalompandisha damu, ajiulize nani ameliweka pale, na kwa nini wote wameandika sentensi moja. Hilo mweleze kama mtu mnayeheshimiana. Ataelewa, ni msomi wa vifungu.

Kiongozi akiulizwa maswali makali, hajakosewa adabu. Akitukaniwa mama yake, amekosewa. Mpaka huo unaweza kumwekea nyumbani kwako, nami nitakuunga mkono.

Simu usimnyang'anye, ana miaka 21. Wala huwezi kumkataza kutoka. Ibara ya 37 ya Katiba inampa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha, na wewe uliipigia kura Katiba hiyo, au jirani yako alipiga. Hofu yako naielewa, baada ya vijana waliochukuliwa mitaani na watu wasiojulikana. Ukishindwa kumzuia, muulize anakwenda na nani, watakutana wapi wakitawanyika, na nambari ya wakili ameiandika mahali ambapo simu ikipotea bado anayo. Akijua unauliza ili arudi salama, atakujibu.

Na kabla ya hapo, muswada wa fedha wa mwaka huu ukitoka, mwombe mkae nao mezani, yeye na simu yake, wewe na miwani yako. Anzeni na vifungu vinavyogusa pensheni.